Abul-Qasim Az-Zahrawi: Tabibu wa Andalus na Elimu ya Kumtazama Aliyeumia Kichwa

  

Tukitaja matabibu wa Kiislamu wa zamani, jina la kwanza kutoka midomoni mwetu ni la Ibn Sina. Ni haki yake. Lakini yupo mwengine aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka 40 na kitu, upande wa pili wa ulimwengu wa Kiislamu, ambaye kila aliyewahi kushonwa jaraha au kuungwa mfupa ana deni naye hata kama hajalisikia jina lake. Huyu ni Abul-Qasim Az-Zahrawi wa Andalus. Mengi katika aliyoyafanya nitayapita haraka, nisimame kwenye moja: namna alivyowafundisha wanafunzi wake kumtazama mtu aliyeumia kichwa. Nimelichagua hilo kwa sababu visiwani kwetu watu wanaumia vichwa kwa vespa na bodaboda, kwa kuanguka mikarafuu na minazi, na wazee kwa kuteleza chooni, na bado wengi wetu tunalitazama jaraha tukamsahau mwenye jaraha.

Jina lake na mji wake

Ni Abul-Qasim Khalaf bin Abbas Az-Zahrawi. Baadhi ya waliomtaja wanamuongezea nisba ya Al-Ansari, kumrejesha kwa Ansari wa Madina. Wazungu waliposhindwa kulitamka jina la Abul-Qasim walimwita Abulcasis, na ndivyo anavyojulikana katika vitabu vyao mpaka leo.

Nisba ya Az-Zahrawi imetokana na Madinatuz-Zahra, mji wa kifalme uliojengwa na Khalifa Abdur-Rahman An-Nasir nje kidogo ya Qurtuba, upande wa magharibi. Ujenzi ulianza mwaka 325 Hijria, sawa na 936 Miladia, na wanahistoria wanaweka kuzaliwa kwa tabibu wetu karibu na mwaka huo huo. Alikulia basi katika mji uliokuwa unanukia chokaa mbichi, karibu na Qurtuba iliyokuwa imejaa vitabu. Mtoto wa An-Nasir, Al-Hakam wa Pili, aliyetawala kuanzia mwaka 961 mpaka 976, alikuwa mpenzi mkubwa wa kukusanya vitabu, na maktaba yake ilikuwa miongoni mwa kubwa za zama zile.

Waandishi wa tabaqat hawakumwandikia mengi. Al-Humaydi, aliyeandika wasifu wa watu wa Andalus katika karne iliyofuata, amempa mistari michache tu: kwamba alikuwa mtu wa fadhila, dini na elimu, kwamba fani aliyotangulia ndani yake ni tiba, na kwamba ana kitabu kikubwa chenye manufaa mengi. Ibn Hazm naye, ambaye hakuwa mwepesi wa kumsifu mtu, alikisifu kitabu hicho. Mimi naona wasifu wa mistari mitatu wenye dini, elimu na manufaa ndani yake unamtosha mja. Mengine ya maisha yake tunayapata ndani ya kitabu chenyewe, maana Az-Zahrawi hakuandika kama mtu anayenukuu ya wenzake tu. Kila mara anasimama kusema aliona nini, alimtibu nani, na nani alimkuta keshachelewa.

Kitabu chake

Kitabu kinaitwa At-Tasrif liman ajiza anit-ta'lif. Kilikamilika karibu na mwaka 1000 Miladia, naye ni mtu mzima mwenye miaka mingi ya kazi nyuma yake. Kina maqala 30. Nyingi katika hizo zinahusu dawa: namna za kuzichanganya, vidonge, marhamu, vyakula vya wagonjwa. Lililompa jina duniani ni maqala ya mwisho, ya upasuaji, nayo ameigawa mafungu matatu: kuchoma kwa chuma cha moto, kupasua, kutoboa na kutoa damu, na kuunga mifupa iliyovunjika au kuteguka. Humo amechora kwa mkono picha za vyombo vya tabibu vipatavyo 200. Kabla yake ni nadra kukuta kitabu cha tiba kinachomwonyesha mwanafunzi kisu kina umbo gani na kinashikwa vipi.

Ukiisoma dibaji ya maqala hiyo unamsikia baba anayeogopa. Anawaita wanafunzi wake wanawe. Anawaambia kwamba kazi ya mkono imekufa katika nchi yao, kwamba wenye jina la utabibu ni wengi na wenye kuutenda ni wachache, na kwamba asiyejua umbo la mwili, mahali pa mishipa, mifupa na viungo, ataua watu. Halafu anatoa mifano aliyoishuhudia. Mzee mmoja alikuwa na jiwe kubwa kibofuni. Az-Zahrawi aliitwa kumtazama, akaona kwa ukubwa wa jiwe na hali ya mgonjwa kwamba akipasuliwa atakufa. Tabibu mwengine, jahili, akajitia kulitoa, akalitoa pamoja na kipande cha kibofu, na mzee akafa kiasi cha siku ya tatu. Kijana mwengine alivunjika mguu na ngozi ikapasuka. Tabibu aliyekuwa akilipwa mshahara na mkubwa mmoja wa nchi akaufunga mguu kwa nguvu, jaraha halikuachiwa hata pumzi, akamwacha siku kadhaa na kumkataza asifungue. Az-Zahrawi alipoitwa mguu ulikuwa umevimba na kuoza. Aliufungua, lakini uozo ulikuwa umeshatangulia, na kijana hakupona.

Wanafunzi wa fiqhi watakumbuka hapa hadithi waliyoipokea Abu Dawud, An-Nasai na Ibn Majah, kwamba anayejitia utabibu na hali hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni mwenye kudhamini. Dibaji ya Az-Zahrawi ni kama sherehe ya hadithi hiyo iliyoandikwa na mwenye kisu mkononi. Anawaambia wanawe kwamba kazi za upasuaji ni za aina mbili, ipo inayoelekea salama na ipo inayoelekea hatari, na kwamba tamaa au kutaka sifa visiwasukume kuingia ile ya pili bila ya elimu ya yakini. Kujizuia, kwake yeye, ni katika kulinda dini ya tabibu na heshima yake.

Mlango wa kuvunjika kichwa

Mlango wa fuvu umo mwanzoni mwa fungu la tatu, penye kuunga mifupa. Az-Zahrawi hakuanzia patupu. Wayunani waliandika kabla yake, na Paulo wa Aegina katika karne ya 7 alikusanya mengi ya kwao, na athari yake inaonekana wazi. Lakini mpangilio ni wa mwalimu anayejua mwanafunzi wake atakutana na nini mlangoni.

Kwanza anamfundisha kutambua. Fuvu, anasema, halivunjiki namna moja. Upanga unaweza kulikata mfupa wote mpaka ukafika kwenye utando ulio chini yake, kama tezo inavyoingia katika ubao. Unaweza kuchukua sehemu ya juu tu ya mfupa ukauacha wa chini salama. Jiwe, au kuangukia juu ya jiwe, kunausaga mfupa ukawa vipande. Na kuna ufa mwembamba kama unywele, ambao jicho linaweza kuupita lisiuone. Kwa huo ana hila yake: mfupa unakwanguliwa, unafutwa, kisha unapakwa wino, na ufa unajitokeza kwa weusi. Sijui kama kuna mwanachuo wa visiwani asiyejua namna wino unavyoingia katika mpasuko wa ubao wa kuandikia na kukataa kutoka ukioshwa. Ni jambo lile lile.

Aina nyengine aliyoitaja ni ya watoto. Mfupa wa mtoto ni laini, na pigo linaweza kuubonyeza ndani usivunjike, kama sufuria ya shaba au risasi inavyobonyea ikigongwa. Mama anayepapasa kichwa cha mwanawe aliyeanguka akahisi kishimo, ajue kwamba kishimo hicho kiliandikwa kitabuni miaka 1,000 iliyopita, na wala si cha kukandwa kwa kitambaa cha moto nyumbani.

Pili anafundisha kupima hatari, na hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame nami. Az-Zahrawi hakusema tazama jaraha lina urefu gani au limetoa damu kiasi gani. Ngozi ya kichwa ina mishipa mingi, inatoa damu ya kutisha kwa mkato mdogo. Yeye alitaja mambo ya mtu mzima mzima: anatapika? Ana degedege? Akili imemtoka? Sauti imekatika? Amezimia? Ana homa kali? Macho yamemtoka na kuwa mekundu? Akiwa na alama hizi, aliwaambia wanafunzi wake, aghlabu huyo ni mtu wa kufa, basi msimguse. Asipokuwa nazo, na kukawa na matumaini, hapo anzeni kazi.

Msomaji anaweza kuuona ukali katika maneno hayo. Lakini fikiri alivyokuwa navyo mkononi. Hakuwa na mashine ya kuona ndani ya fuvu, hakuwa na dawa ya usingizi kama ya leo wala dawa ya kuua vijidudu. Kumfungua kichwa mtu aliyekwisha kuvuja damu ndani ilikuwa ni kumwongezea adhabu tu. Alama alizozitaja zilikuwa sahihi kwa kiasi kikubwa. Kilichobadilika ni hukumu yake. Kutapika tena na tena, degedege, kupotewa na fahamu, maneno yasiyoeleweka, hizo hizo ndizo leo daktari anazouliza mlangoni, na jibu lake sasa ni kinyume: mgonjwa akimbizwe, asiachwe, kwa sababu damu iliyojikusanya chini ya fuvu inaweza kutolewa akaishi. Alama zilizokuwa za kukata tamaa zimekuwa za kufanya haraka. Anayeziona kwa mwanawe au mzee wake akasema tusubiri asubuhi, anamhukumu kwa hukumu ya mwaka 1000.

Katika alama hizo madaktari wa leo wameongeza nyengine: maumivu ya kichwa yanayozidi kila saa, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyengine, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, damu au maji meupe kutoka puani au masikioni, na kusinzia kusikokuwa kwa kawaida. Hili la usingizi linahangaisha nyumba nyingi. Kulala kwenyewe si sumu, na mtoto aliyelia sana baada ya kuanguka atataka kulala. Lakini mtu asiyeamshika, au anayeamka akawa hajui alipo, huyo hakulala. Hatari zaidi ni yule anayezimia kidogo, akazinduka, akazungumza, akaomba maji, watu wakasema alhamdulillah na kutawanyika, na baada ya saa chache akazidiwa. Mshipa uliopasuka chini ya mfupa unaweza kumpa mtu muda huo wa utulivu, kisha damu ikaubana ubongo. Ndiyo maana anayeonekana mzima baada ya pigo zito haachwi peke yake siku ile na usiku wake.

Na wazee wana jambo lao. Mzee ameteleza chooni, akagonga kichwa, hakutoka damu, akasema si kitu. Wiki kadhaa baadaye anaanza kusahau, anayumba, anavuta mguu, na watoto wanasema ni uzee. Huenda ni damu iliyokuwa ikivuja kidogo kidogo, hasa ikiwa mzee anatumia dawa za kufanya damu kuwa nyepesi. Mpelekeni, na mwambieni daktari habari ya kuanguka hata kama imepita mwezi.

Nirudi kwa Az-Zahrawi, kwenye la tatu, la kutibu. Alihesabu siku. Mgonjwa akija mapema wakati wa baridi, mfupa ulioharibika utolewe kabla ya siku ya 14. Wakati wa joto, kabla ya siku ya 7, kwani utando ulio chini ya mfupa unaharibika upesi. Kichwa kinanyolewa, ngozi inapasuliwa kwa mikato miwili inayokutana, mfupa unafunuliwa. Ikitoka damu nyingi au pakavimba, anasimama, anajaza vitambaa vilivyolowekwa mpaka patulie, kisha ndipo anaendelea. Mfupa ukiwa mgumu, anauzungushia matundu kwa keekee, halafu anakata baina ya tundu na tundu na kukiinua kipande kwa upole.

Keekee hiyo ndiyo iliyonifanya nimpende mtu huyu. Wengi wetu tumewaona mafundi wa majahazi wakitoboa mbao kwa keekee ya uta, na tunajua inavyozama ghafla ubao unapokwisha. Katika ubao hakuna neno. Katika fuvu, chini ya mfupa kuna utando, na chini ya utando kuna ubongo. Az-Zahrawi alitengeneza keekee zenye kingo, duara inayozunguka shina juu kidogo ya ncha, ili chuma kisiweze kuzama zaidi ya unene wa mfupa. Na kwa vile mafuvu hayalingani, akamtaka tabibu awe nazo nyingi, kila moja kwa unene wake. Keekee za umeme wanazotumia wapasuaji wa leo zina namna ya kujizima zenyewe mara tu mfupa unapopita. Njia ya kufanya ni nyengine, khofu ni ile ile.

Kwetu sisi ambao si matabibu, kazi ni ndogo na ni ya saa ya kwanza. Anayetoka damu akandamizwe kwa kitambaa safi, isipokuwa pale pafuvu palipobonyea au mfupa unapoonekana. Hapo pafunikwe tu, pasikandamizwe. Aliyeanguka kutoka mtini au kurushwa na chombo, shingo yake isitikiswe, maana anaweza kuwa ameumia na uti wa mgongo. Asibebwe mikono na miguu kama gunia, apakiwe juu ya ubao akiwa amenyooka. Akitapika ageuzwe ubavuni mwili mzima kwa pamoja. Asitiwe kitu chochote mdomoni, si maji, si kombe, si uji. Sikio linalotoka damu lisizibwe. Kisomo na dua hazina pingamizi hata kidogo, na vinasomeka vizuri sana ndani ya gari linaloelekea hospitali.

Vichwa katika vitabu vya fiqhi

Wanaosoma Abu Shujaa vyuoni kwetu hupita juu ya neno muudhiha katika mlango wa diya na kulihifadhi pamoja na ngamia wake watano, bila ya kujiuliza ni kitu gani. Mafakihi waliyagawa majaraha ya kichwa na uso kwa daraja, tangu mkwaruzo usiotoa damu mpaka lile linalotoboa utando wa ubongo. Muudhiha ni lenye kuufunua mfupa, nalo lina ngamia 5. Haashima linauvunja mfupa, na katika madhehebu yetu ya Shafii lina ngamia 10. Munaqqila linauhamisha mfupa kutoka mahali pake, lina 15. Maamuma linafika kwenye utando wa ubongo, na fidia yake ni thuluthi ya diya kamili.

Ukiziweka daraja hizi ubavuni mwa mlango wa Az-Zahrawi unaona ni mwili ule ule unaosomwa na watu wawili: kadhi anataka kujua jaraha limefika wapi ili atoe haki, tabibu anataka kujua limefika wapi ili atoe mfupa. Kadhi hawezi kuhukumu maamuma mpaka mjuzi amwambie kwamba utando umefikiwa. Ndiyo maana wanavyuoni hawakuona haya kurejea kwa watu wa ujuzi.

Na sheria haikuishia kwenye mfupa. Imepokewa kwamba mtu alimpiga mwenzake jiwe la kichwa, naye akapotewa na kusikia, kusema, akili na uwezo wa kukaribia wake, na Umar bin Al-Khattab (radhiya Allahu anhu) akamhukumia diya nne hali ya kuwa yuhai. Huyu alikuwa hai, pengine na jaraha lake limeshafunga, na Umar alitazama kilichoondoka ndani yake. Nawaomba waajiri na familia wakumbuke hukumu hii. Aliyepona jaraha la kichwa anaweza kubaki miezi akiwa mkali wa hasira, msahaulifu, asiyevumilia kelele, mzito wa kazi. Wengine husema amekuwa mvivu au amepagawa. Ni maradhi, na mwenye maradhi ana haki zake.

Kuna pia kisa mashuhuri katika Sunan Abi Dawud kutoka kwa Jabir (radhiya Allahu anhu), cha msafiri aliyepigwa jiwe la kichwa, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hana maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) alipofikiwa na habari aliwakemea kwa ukali mkubwa, na akabainisha kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Wanavyuoni wamezungumza kuhusu baadhi ya isnadi yake na ziada zake, lakini mafakihi wanaitaja katika mlango wa mwenye jaraha, na hukumu inajulikana: maji yakiwa ni hatari kwa jaraha la kichwa, mgonjwa anaosha anachoweza na kutayamamu. Asilazimishwe na yeyote kuondoa bendeji kwa ajili ya josho la Ijumaa.

Mtoto aliyemwona

Katika kitabu kizima hakuna sehemu inayonigusa kama ile ya maji yanayojikusanya vichwani mwa watoto wachanga. Anaeleza kwamba aghlabu hutokea mkunga anapokibana kichwa cha mtoto kwa nguvu wakati wa kuzaliwa, na mara nyengine kwa sababu isiyojulikana. Anaeleza namna ya kupasua. Halafu anasimulia mtoto aliyemwona yeye mwenyewe: kichwa kilijaa maji, kikawa kinakua kila siku, mpaka mtoto akawa hawezi kukaa kwa uzito wa kichwa chake, na maji yakazidi mpaka akafa. Wote aliowaona wa namna hiyo walikufa, kwa hivyo akaona bora kuiacha kazi hiyo. Tabibu aliyechora vyombo 200 alikiandika hadharani kile ambacho hakuwa na chombo chake.

Kifo chake na safari ya kitabu

Mwisho wa maisha yake uliangukia katika fitna. Ukhalifa wa Qurtuba ulipasuka kuanzia mwaka 1009, na Madinatuz-Zahra, mji uliozaliwa pamoja naye, ukaporwa na kubomolewa. Al-Humaydi anasema alikufa Andalus baada ya mwaka 400 Hijria. Wanahistoria wengi wanataja 1013 Miladia, sawa na 404. Mji haukuinuka tena. Magofu yake yanachimbuliwa mpaka leo.

Kitabu kiliokoka. Katika karne ya 12, Gerard wa Cremona aliifasiri maqala ya upasuaji kwa Kilatini akiwa Tulaytula, yaani Toledo, na kwa karne kadhaa wapasuaji wa Ulaya waliisoma. Guy de Chauliac wa Ufaransa, aliyeandika kitabu chake kikubwa cha upasuaji mwaka 1363, alimtegemea Az-Zahrawi mahali pengi. Mwaka 1465 Serefeddin Sabuncuoglu, tabibu wa Amasya katika dola ya Uthmaniya, aliandika kitabu cha upasuaji kwa Kituruki juu ya msingi wa maqala ile, akaongeza ya kwake na picha za wagonjwa wakitibiwa. Tafsiri ya Kilatini ilipigwa chapa Venice mwaka 1497, na matini ya Kiarabu ilichapishwa Oxford mwaka 1778.

Pale Mnazi Mmoja, Unguja, ipo taasisi ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo iliyojengwa kwa mkono wa taasisi ya kihisani ya NED, yenye asili yake Valencia, Hispania. Valencia ndiyo Balansiya ya Waislamu wa Andalus. Madaktari wa huko wanakuja kufanya kazi na kuwafundisha vijana wetu, na miongoni mwa wanaopasuliwa humo ni waliovunjika mafuvu katika ajali, na watoto wenye maji kichwani, ambao sasa wanatiwa kimrija kinachoyateremsha maji hayo mpaka tumboni, nao wanaweza kukaa, kutambaa na kupelekwa chuoni.